Mawe ya Bweni Yaliyo Kaburini Kwako

Baba,

Shikamoo. Ninakuandikia kukujulisha kwamba nimelikataa pendekezo moja la bodi ya shule. Kwa kuwa mimi ni binti yako na nina shahada ya elimu, waliniomba niandike historia fupi ya shule yetu ya sekondari, niisome siku ya kufungua bweni la wasichana. Bweni hilo wanataka kuliita kwa jina lako. Nimewajibu kwamba historia nitaiandika, ila jina lako halitakaa juu ya mlango ule.

Unanisikia? Halitakaa.

Sikatai kwamba ulikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Madarasa ya kwanza yalisimama chini ya usimamizi wako, na hilo nimeliandika. Lakini nimeandika pia habari za msaragambo, wakati kila kaya ilipotoa mtu wa kazi, na akina mama wakapanda kutoka bondeni na mawe ya msingi wa bweni vichwani. Mama alikuwa miongoni mwao. Jioni nilimkanda shingo kwa maji ya moto, nawe ukiendelea kula. Kisha ukaamua bweni lisubiri. Mawe yakahamia kwetu, yakawa ukuta wa ua.

Mama Anitha peke yake ndiye aliyethubutu kuja.

"Mwenyekiti, mawe yetu yamepata bweni hapa kwako. Watoto wetu je?"

Ukacheka. "Mama Anitha, binti ana kwao. Anayetaka kusoma atatembea."

Anitha, niliyeketi naye dawati moja, hakuweza kutembea kila siku kutoka ng'ambo ya bonde. Alipanga chumba karibu na gulio. Mlango wake ulifungwa kwa kamba. Kidato cha tatu alirudi kwao mjamzito. Mimi nililala nyuma ya ukuta ule, nikafaulu, nawe ukajigamba kanisani kwamba nimerithi akili zako.

Tangu ufe, kaka zangu wameubomoa ukuta na kulizungushia kaburi lako mawe yale yale. Wageni hulisifu. Kaburi la Mama, pale pembeni migombani, ni udongo mtupu.

Nakumbuka ulivyonichongea penseli kwa kisu chako cha kupogolea migomba, ukipuliza vumbi lisiniingie machoni. Nilikupenda. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Bweni limekamilika, Baba, isipokuwa ngazi ya mlangoni. Fundi anasubiri mawe.

Nimezungumza na Mama Anitha, naye amezungumza na wenzake. Kaka zangu wananionya kwamba nitajiletea laana. Nimewaambia waje washuhudie.

Kwaheri, Baba. Ninakuahidi kwamba msalaba wako hatutaugusa, na udongo tutausawazisha vizuri, ufanane na wa Mama. Tutafika hapo kaburini Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Binti yako