Vidole vya Mama

Dada Fuatai,

Mimi mzima, na bado ndiye mchora katuni hodari kuliko wachora katuni wote Wasamoa hapa Brisbane, ingawa tuko wawili tu.

Ile filamu ya katuni niliyowatangazia kanisani imekamilika. Bibi anayecheza ngoma yetu ya siva ni Mama kabisa, mabega na shingo. Lakini vidole! Mama alikuwa akivipinda nyuma kama unyoya. Mimi nikivipinda, programu ya kuchorea inavinyoosha, kana kwamba inamfundisha Mama kucheza. Nimepekua menyu zake siku nne. Bosi wangu, Darren, akacheka: "Acha, kaka, vidole ni vidole. Nani atajua?"

"Kijiji kizima, bwana!"

Akaituma filamu hivyo hivyo. Kesho yake nikakiona kitufe cha kulegeza viungo vya vidole, kimefichwa chini ya rangi za nywele! Mwenye akili gani huficha ufunguo wa mlango ndani ya sufuria?

Itaonyeshwa huko kijijini Jumamosi. Najua tangu kiharusi kimshike mikono, Mama anangoja kujiona akicheza tena. Dada, nakuomba, akikuuliza yule ni nani, mwambie ni Shangazi Malia. Shangazi hajawahi kuijua siva, wala kuvipinda vidole.

Mdogo wako mwenye sifa nyingi,
Ioasa