Mtumbwi Tuliouziba kwa Katani

Kithyoko, 9 Agosti 2003

Mjukuu wangu Mwende,

Hatujambo, na mbuzi wako amezaa mapacha. Tangu tumzike babu yako nyumba ni kimya, lakini swali lako limenichekesha. Ndiyo, aliunda mtumbwi wa tanga, ingawa alizoea kutengeneza vitanda tu. Majirani walimcheka: "Fundi, hicho ni kitanda au jeneza?"

Tulipoutia bwawani ulivuja, akataka kuupasua uwe kuni. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, Baba Mutua." Nikasokota katani kama ya kusukia kiondo, nikaishindilia kwenye nyufa, tukapaka lami. Kesho yake nilipanda kabla yake, na sijui kuogelea. Tulivuka miguu ikiwa mikavu! Watu walimshangilia yeye, nami nikashangilia kuliko wao wote.

Ukiwasimulia wenzako habari za mtumbwi wake, unitaje na mimi.

Nyanya yako