Kadi za Ushirika wa Mawese

Rumonge, 12 Machi 1971

Mdogo wangu Idi,

Amahoro. Mimi ni mzima, na mama anakusalimu. Goti lake limetulia. Natumaini nyumba yako nayo ni salama.

Nimelipima shauri lako kwamba kadi za wanachama wa ushirika wetu wa mawese zihamie biro yenu, ofisi ile ya Bujumbura, zipangwe kwa mashini. Hapa zina maadui: mchwa, vidole vyenye mafuta, na mimi mwenyewe, kwa kuwa nikiugua hakuna ajuaye mpangilio wake na zamu za kukamua husimama. Lakini hapa mtu hubisha hodi, akaiona kadi yake, tukaisahihisha mbele ya macho yake. Na yeyote azitakaye hana budi kupitia kwangu. Hoja hii ya mwisho ni nzito kuliko mchwa wote. Nakataa.

Kaka yako,
Mustafa

Bujumbura, 2 Aprili 1971

Kaka Mustafa,

Salamu za heshima, kwako na kwa mama. Huku tu wazima. Mtoto ameota meno mawili na anamuuma kila mgeni.

Kaka, masanduku hayo unayaatamia kama kuku, na hata kuku huinuka akanywa maji. Mashini yetu hupanga kadi mia nne kabla hujamaliza chai. Umesahau mchwa walipokula kadi zote za Gitaza, ukazunguka majuma mawili ukiuliza watu majina ya baba zao? Droo ina ufunguo mmoja, nami nitauvaa shingoni. Naapa kwa titi tulilonyonya: hakuna atakayezisoma bila wewe kujua.

Mdogo wako,
Idi

Rumonge, 20 Juni 1971

Mdogo wangu,

Hatujambo sote. Nilimsomea mama kiapo chako, akasema kinatosha. Basi nami nimekubali. Alimasi anakuletea kwa lori lake masanduku matatu, kadi 412, ya kwanza ikiwa yangu. Sikubakiza nakala, maana orodha mbili huzaa ugomvi. Kila kadi nimeiongezea mstari mmoja: mahali mtu alalapo msimu wa dagaa, ili zamu yake ya kukamua ikifika apatikane bila kutafutwa.

Kaka yako,
Mustafa

Rumonge, 9 Septemba 1971

Mdogo wangu,

Natumaini afya ni njema. Kimya chako kimekuwa kirefu. Sylvestre wa Kizuka halali tena Gitaza kwa dada yake Vestine, amejenga kwake. Tafadhali isahihishe kadi yake. Hapa ingekuwa kazi ya kuchovya kalamu mara moja.

Kaka yako,
Mustafa

Kigoma, 19 Juni 1972
Kwa mkono wa Alimasi

Idi,

Tu hai. Mama yuko nami.

Baada ya machafuko ya Aprili, watu wenye bunduki walifika kwetu na karatasi zilizopigwa kwa mashini. Gitaza waliingia kwa Vestine wakimtaka Sylvestre. "Karatasi inasema analala hapa," walimwambia. Vestine akajibu, "Basi na ilale hapa hiyo karatasi. Yeye alihama mwaka jana." Wakamchukua mume wake.

Kosa lile lilikuwa katika kadi moja tu, nami nilikuomba ulifute. Wengine hawakuwa na kosa. Walifuatwa hadi kambi za wavuvi, kila mmoja pale pale nilipomwandika.

Sitaki maelezo marefu. Ufunguo ulinyang'anywa, au uliutoa?

Kaka yako,
Mustafa

Bujumbura, 30 Julai 1972

Kaka mpenzi,

Nashukuru kusikia mko hai. Sisi hatujambo, nimepewa biro ya peke yangu.

Walikuja na barua yenye muhuri, wakaomba kwa adabu. Mtu kama mimi angewajibu nini? Lakini usinihesabu kuwa mtu asiye na damu: kadi yako niliichomoa kwanza, ndipo nikawapa masanduku. Niandikie mnalala wapi hasa, nimtumie mama blanketi.

Mdogo wako,
Idi

Agosti 1972

Idi,

Uliichomoa kadi yangu kwanza. Basi ulijua zile nyingine zinakwenda kufanya kazi gani. Sikuhitaji jibu jingine.

Nami nina fungu langu: hoja nzito niliiacha nikachukua kiapo, na mstari wa mwisho niliuongeza kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri.

Mama nimemsomea barua yako. Amesema blanketi analo.

Umeuliza tunalala wapi. Mstari huo siuandiki tena.

Mustafa