Kichwa Si cha Kupendwa

Mama,

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha daktari wa mifugo, hapa Hurlingham, na kikapu chako kiko miguuni pangu. Ndani yake amelala mtoto wa mbwa wa wiki sita ambaye hukuwahi kumwona. Nakuandikia nyuma ya daftari lako la mbwa kwa sababu sina karatasi nyingine, na kwa sababu nikiacha kuandika nitainuka nirudi nyumbani. Nimekukosea, Mama, na hapa ndipo nilipokukosea.

Tangu tukuzike kule Ndeiya, kando ya Baba, nyumba ya Dagoretti Corner imekuwa kubwa mno. Njoroge alitaka tugawe wale mbwa wako wadogo hata kabla wageni wa matanga hawajaondoka. "Sasa hizi panya za Mathe nani atazichunga?" Unamjua kakangu, maneno mengi, na kumbe ndiye aliyekuwa akimlisha Simba, yule dume, mandazi ukigeuka. Nilikataa. Malkia, yule jike mkubwa, akahamia kulala juu ya sapatu zako. Lakini aliyenishinda ni Kadogo. Kila saa kumi, saa yako ya chai, alipanda kiti chako, akazunguka mara mbili, akakaa kungoja kupakatwa. Nilianza kunywa chai nikiwa nimesimama jikoni ili nisimwone.

Unakumbuka wageni walivyokuuliza kwa nini unachanganya mbwa wa aina mbili? Malkia ana uso mrefu, paji linateremka polepole hadi puani, masikio makubwa na miguu ya swara. Kadogo, mwanawe wa kumzaa, alikuwa na kichwa cha mviringo kama tufaha, na kijipua kifupi kilichobandikwa chini ya paji. Ulikuwa ukiwajibu, "Tumbo ni moja. Hata mimi Njoroge alitoka na uso wa babake, Wambui akatoka na wangu, na hakuna niliyemrudisha." Wakishacheka, ulichukua kidole changu ukakiweka juu ya kichwa cha Kadogo, pale ambapo mfupa haukuwahi kufunga. Utosi. Kidole chako kilekile ulichopapasia watoto wa watu miaka yote ya unesi wako katika wodi ya wazazi ndicho ulichopapasia mbwa. Halafu ulisema, "Kichwa si cha kupendwa, Wambui. Kichwa ni cha kupita."

Msemo huo niliujua kama ninavyojua sala ya chakula, kwa mdomo tu.

Baada ya matanga alirudi yule mama wa ghorofani, uliyemnyima mtoto wa mbwa mara mbili. "Si unipatie hata mmoja, lakini ile ya kichwa round. Hii ya uso mrefu inakaa chokoraa." Ningependa kumtupia lawama, lakini si yeye. Mimi ndiye niliyetaka Kadogo mwingine. Nilitaka kichwa kama kile ambacho mkono wako ulikuwa ukikilalia. Mwezi wa Agosti, Kadogo alipokuwa tayari kupandwa, nilimfungia na Simba stoo, nikaenda kuanika nguo.

Wiki tisa baadaye uchungu ukamshika alfajiri. Nilikuwa nimekuona ukimzalisha Malkia, wewe umekaa kwenye kigoda unafuma sweta, na watoto wanatoka kama maharagwe kwenye ganda. Kadogo alisukuma hadi saa nne. Niliona utosi wa mtoto ukija, ukarudi. Ukaja tena, ukarudi. Nilimfunga kwa leso yako, nikamtia kikapuni, nikasimamisha teksi.

Daktari ni yuleyule msichana uliyekuwa ukimgombeza kwa kuja kazini bila sweta. Alimpasua. Watoto wawili walikuwa wamekufa, wote vichwa vya tufaha, mmoja amekwama kwenye mlango wa uzazi. Wa tatu alilia. Kadogo hakuamka tena.

Daktari akatoka, akavua glavu, akaniuliza bila hasira, "Nani aliamua huyu apandishwe, na vile alikuwa mdogo?"

Nikasema, "Mama."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Na sikuishia hapo, nikaongeza, "Ndivyo alitaka kabla atuache." Akaniuliza, "Sista? Sista ndiye alisema hivyo?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanipa pole, lakini niliona heshima yako ikimtoka usoni, Mama, nami nikaiacha iende. Marehemu hajitetei.

Huyu aliyebaki tumemnyonyesha kwa bomba la sindano, na Malkia amemlamba kama wake. Na unajua alitoka vipi? Uso mrefu. Masikio makubwa. Nyanya yake Malkia mtupu. Yule mama wa ghorofani alikuja kumtazama, akasema, "Haki, hii si ile nilitaka," akaenda zake. Njoroge alicheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikageuka kilio, na mimi nikalia naye.

Juzi nilifungua daftari hili kutafuta vile ulivyokuwa ukichanganya uji wa watoto wa mbwa wanaoachishwa kunyonya. Nikafika ukurasa wenye vichwa viwili vya penseli, kimoja cha mviringo, kingine kirefu. Chini ya kile cha mviringo uliandika: "Kadogo. Utosi wazi, nyonga nyembamba. Asipandishwe kamwe. Wambui anajua."

Nimeyasoma maneno hayo mawili ya mwisho tena na tena. Uliniamini hivyo, nami nikaja hapa kukusingizia.

Leo ni siku ya chanjo. Lakini kabla ya sindano nitaliweka daftari mezani, limefunguliwa pale pale, na nitamwambia ni nani aliyeamua. Akinifukuza, anifukuze. Na ukurasa huu ninaokuandikia sitaung'oa. Nakuahidi pia kwamba sitachagua tena kiumbe kwa sura. Nitapapasa kwanza, kama ulivyonishika kidole. Huyu utosi wake umefunga, Mama. Nimehakikisha mara tatu nikiwa hapa kwenye benchi.

Mlango umefunguliwa. Ananiita, "Binti ya Sista, karibu."

Pumzika, Mama. Mikono yako haikukosea. Naingia.

Wambui wako, aliyejua.