Waliniita Jina la Kwenye Kadi

Bukavu, Jumapili

Yaya wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, mimi mdogo wako. Mama anaamkaje? Magoti yanamruhusu kufika shambani? Najua mvua ya Shabunda haiwapi nafasi. Hapa napo ni vilevile.

Mlisikia kwa padri kwamba nimepasuliwa tumbo. Mengine yasikie kwangu. Daktari alipofungua ili atoe ule uvimbe, tension yangu ilishuka ghafla, damu ikakosa nguvu ya kupanda kichwani. Akashona haraka, uvimbe ukabaki. Tangu hapo nikisimama chumba kinazunguka na miguu inakataa. Kidonda nacho kinavuta siku. Hata Salamu Maria inanipotea katikati, mimi mwalimu wa katekisimu.

Lakini kilichoniuma ni kingine. Muuguzi, anayemwita kila mwanamke citoyenne kama serikali inavyotaka, aliniambia, "Ile siku tulikuita sana, citoyenne Wabiwa, citoyenne Wabiwa. Ulikuwa unatuangalia tu. Tulizania akili imepotea."

"Hilo ni jina la kwenye kadi," nikamjibu. "Kwetu bananiitaka Mariya, lile la ubatizo, lile serikali ilituambia tuache."

Akacheka, akatazama mlango. "Sema polepole, maman. Sasa nani angetuambia?"

Hakuna, yaya. Kila mgonjwa hapa ana mtu wake wa kumpikia uani na kumgeuza kitandani. Maman wa kitanda cha jirani, mtu wa Mumosho, ana mabinti watatu. Wananigawia bugali na sombe ya majani ya muhogo, sifi njaa. Ila wakianza kuchekeshana kwa Kishi, lugha yao nisiyoisikia, nageukia ukuta. Upweke huu sikuujua hata nilipokuja kufundisha hapa mara ya kwanza.

Sasa daktari anataka kurudia. Anasema tension inaweza kushuka tena, kwa hiyo anataka ndugu awepo, wa kutoa damu na wa kuniamsha. Naogopa, yaya. Naogopa kuzama mahali ambapo hakuna anayenijua.

Mama msomee nusu tu ya barua hii. Nisalimie papa mdogo, na watoto wetu wote. Shemeji naye, mwambie aache mashimo yake ya dhahabu kidogo, akae na watoto, akijipikia hatakufa.

Nimemwomba daktari angoje ndege ya misheni kutoka kwenu. Amekubali kungoja ndege moja tu.

Mdogo wako,
Mariya