Leleshwa ya Mama Kendi

Jumamosi, 11 Januari
Nimefua, nimepika githeri, nimefagia kiwanja chote. Mama Kendi, mwenye nyumba wangu hapa Ruiri, yuko Majimbo, Embu, kwa bintiye aliyejifungua. Ameniachia kuku na ufunguo wa geti. Jioni nimekata kile kichaka cha kijivu kando ya geti, mpaka chini. Patatoka sukuma wiki safi. Sisi wa Kanyakine, kwenye mvua na kahawa, hatuwezi kuona ardhi imekaa bure. Nimefurahi sana na panga langu.

Jumapili, 12 Januari
Balaa. Jirani yetu Kirimi alipita baada ya ibada, akasimama getini, akashika kichwa. Kumbe kichaka ni leleshwa, ule mti wa nchi kavu wenye majani yanayonukia kama kafuri. Marehemu mume wa Mama Kendi aliipanda mwaka waliooana. Majani yake mama huyatandika kwenye viota vya kuku, viroboto wasiingie. Nami ni mwalimu wa kilimo! Ijumaa tu niliwafundisha Kidato cha Tatu kwamba leleshwa ni ya ukoo wa alizeti. Kwenye kitabu naijua. Ikiwa hai, hapana. Mpangaji aliyenitangulia alifukuzwa kwa sababu ya redio. Mimi je?

Jumatano, 15 Januari
Kisiki nakimwagia ndoo mbili asubuhi, mbili jioni. Na samadi ya mbuzi, vile mama yangu hufanyia kahawa ikichoka. Kimya.

Ijumaa, 17 Januari
Kirimi amenikuta na ndoo. "Mwalimu, hii si kahawa ya kwenu. Hii ni kitu ya jangwa. Endelea na hayo maji, utaiua mara ya pili." Nimeondoa samadi yote kwa mikono. Nina hasira, zaidi na mimi mwenyewe.

Alhamisi, 23 Januari
Sifanyi chochote. Ni kazi ngumu kuliko kulima. Mikono inaniwasha.

Jumapili, 2 Februari
Machipukizi! Matatu, meupe kama yamepakwa unga. Nimeyahesabu mara nne. Kanisani nimeimba hadi wa mbele wakageuka.

Jumamosi, 8 Februari
Mama Kendi amerudi. Nilimwambia kabla hajatua mizigo. Akainama, akasugua jani moja, akanusa kwa muda mrefu. Nilisubiri kuambiwa nifungashe.

"Mwalimu, wewe huendi transfer," akasema, "mpaka hii kitu irudi urefu wa mzee wangu."

Nikauliza mzee alikuwa na urefu gani. Akanionyesha, mkono juu kabisa ya kitambaa chake cha kichwani. Miaka mingi hiyo. Kisha tukaingia ndani kunywa chai.