Aimé Amejibu Tena Bila Kuniuliza

Minto,
Sydney, Australia.
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Mghoi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, goti limetulia na baridi ya Wundanyi imepungua. Mwakio aliniambia kwamba siku hizi unapanda tena ngazi za kanisa bila fimbo. Nilifurahi, halafu nikaingiwa na wasiwasi kwa sababu nakujua. Tafadhali shika fimbo.

Sisi hatujambo. Mume wangu Mwakio bado anaendesha lori la makontena kutoka Port Botany, na akirudi analala kwenye kochi na viatu vyake. Binti yetu Eliza amenizidi urefu. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno na kunijibu kwa Kiingereza. Nikinuna, ananibembeleza kwa Kiingereza vilevile. Huku baridi inaisha na nimeanza kuanika nguo nje.

Barua hii anakuletea Mugambi wa kanisani kwetu, anakuja likizo nyumbani. Nimeamua kuandika kwa sababu mambo ya piano hayaelezeki kwa simu, na hapa sina wa kumlalamikia. Nikimwambia Mwakio ananiuliza kama nimekula.

Nilikwisha kukueleza kuhusu Bi Maureen, mmoja wa wazee ninaowauguza katika nyumba ya wazee kule Ingleburn. Baba yake alikuwa mpiga piano katika majumba ya sinema ya hapa Sydney, enzi za picha zisizo na sauti. Maisha yake yote alikusanya karatasi za nota za michezo ya jukwaani ya Amerika ya miaka mia moja na zaidi iliyopita, ile ambayo watu wanazungumza kidogo kisha wanaanza kuimba. Watoto wa Bi Maureen hawakuzitaka. Siku moja alinisikia nikipiga wimbo wa kanisa kwenye piano ya ukumbi wa chakula, akaniambia nichukue sanduku zima kabla hajabadilisha mawazo.

Shangazi, ni nyimbo nzuri sana. Nyingi zimesahauliwa kabisa. Baadhi zilitungwa na watu weusi, na zimepangwa kwa watu wawili kwenye piano moja, mikono minne. Nikahitaji mwenzangu. Hapo ndipo Aimé alipoingia maishani mwangu, na amani ikatoka.

Aimé ni Mkongo wa Bukavu. Alikaa katika kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa huku, sasa anafanya kazi katika ghala hapo Ingleburn, na Jumapili anapiga kinanda katika ibada yetu ya Kiswahili. Vidole vyake vimebarikiwa. Lakini nota anazisoma kama mtu anayesoma vichwa vya habari na kuliacha gazeti. Pakiandikwa rudia, harudii. Pakiandikwa polepole, anaongeza mwendo. Na wimbo ukifika katikati lazima atie rumba. Nimemwambia mara ngapi kwamba New York ya zamani hawakuwa na rumba ya Kongo. Ananijibu, "Walikosa, Dada Jerusha. Si kosa letu." Tena anakalia robo tatu ya benchi.

Hata hivyo tuliendelea. Wazee walitupenda, tukaalikwa kwenye nyumba nyingine za wazee, na habari zikamfikia bwana mmoja aitwaye Trevor anayeandaa tamasha dogo la muziki wa zamani mjini. Alitaka tupige usiku wa mwisho, ukumbini, kwenye piano kubwa. Alimpigia Aimé simu. Aimé akasema ndiyo, na mimi nikaambiwa baada ya ibada nikiwa nimeshika sahani ya wali.

Hilo ningelimeza. Wiki mbili kabla ya tamasha, mfanyakazi mwenzangu akanionyesha bango kwenye simu yake. Picha ya ngoma. Picha ya jua jekundu na twiga. Chini yake imeandikwa kwamba wapigaji wawili kutoka Afrika, wakiwa na mavazi yao ya asili na ngoma zao, watazipa nyimbo za kale za Amerika mapigo ya porini. Jina langu halikuwepo. Twiga alikuwepo.

Nilimfuata Aimé kazini kwake wakati wa mapumziko. Alikuwa amekaa nje anakula mkate.

"Ulikubali hii?" nikamuuliza.

"Alisema tuvae kitenge kidogo. Na ngoma moja tu, ya kuanzia."

"Mimi sijawahi kupiga ngoma maishani mwangu, Aimé. Mimi ni Mwanglikana wa Taita."

"Ni ndogo," akasema.

Nikamweleza nilichokuwa nimekisoma maktaba. Zamani zile, watu weusi wa Amerika walipotaka kupanda jukwaani, mara nyingi walilazimika kujipaka masizi usoni juu ya weusi wao wenyewe na kujichora midomo mikubwa, ili wazungu wacheke. Wengine kati yao ndio waliotunga nyimbo tunazozipiga. Walivumilia aibu ile ili muziki wao usikike. Nikamuuliza kama ana haja ya kuvumilia tena kwa niaba yao.

Akaukunja mkate wake kwenye karatasi.

"Dada Jerusha, kule kambini ukiulizwa, unasema ndiyo kwanza. Mwenye anasema ngoja nifikiri, nafasi inaenda kwa mwingine. Miye nilikataa mara moja tu, na tuliongeza miaka kule. Sasa mdomo wangu unasema ndiyo mbele yangu, sijafikiri bado."

Ona sasa, Shangazi. Nilikuja na hasira zangu nimezipanga vizuri, akazivuruga zote. Hata kukasirika kwa amani siruhusiwi.

Nikampigia Trevor simu mimi mwenyewe. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionichosha. Alisema watu watatarajia kitu cha Kiafrika.

"Wataona Waafrika wawili," nikamwambia. "Haitoshi?"

Akasema nisichukulie vibaya. Nikamwambia tutavaa nguo zetu, tutapiga piano, na bango libadilishwe. Siku iliyofuata twiga aliondolewa. Na sisi tukaondolewa ukumbini. Tukapewa mchana, pale kwenye baraza la kuingilia, kwenye piano ndogo iliyo karibu na wanaouza kahawa.

Nilitaka tusiende. Aimé, safari hii, alisema atafanya nitakavyo. Lakini Bi Maureen alikuwa ameshatengenezwa nywele na kumtangazia kila mtu kwamba anakwenda kusikiliza nyimbo za baba yake. Ungemwambia nini? Tukaenda. Mimi nilivaa lile gauni langu la buluu la kipaimara cha Eliza, Aimé akavaa suti ya harusi yake inayombana mabega.

Piano ilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Mashine ya kahawa ilinguruma kila tulipofika mahali pa taratibu. Watu walipita na vikombe vyao kama tuko kituo cha treni. Wimbo wa pili, Aimé akatia rumba. Niliendelea kushika wimbo kwa mkono wa kulia huku nikimpiga kiwiko. Ghafla sauti ya Bi Maureen ikapanda kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Huyo anakimbia. Baba yangu hakukimbia hata siku moja."

Watu wakacheka, wakasimama kusikiliza. Aimé akaomba radhi, akapunguza mwendo. Mimi nikainuka. Sikuwa nimepanga, miguu ndiyo iliyoinuka. Nikawaambia kwamba wimbo unaofuata ulitungwa na watu weusi, na nikaeleza walivyotakiwa kujipaka nyuso zao ili waruhusiwe kuuimba. Nikasema sisi tumekuja kuupiga na nyuso zetu hivi zilivyo. Muuza kahawa akazima mashine.

Ni wimbo wa mapenzi, mtu anamwomba mwenzake asiondoke. Tuliupiga polepole. Nilipokawia, Aimé akakawia nami. Nilipotaka kupumua kabla ya ubeti wa mwisho, nikakuta ameshaningoja. Mwaka mzima nimepiga na mtu huyu, na siku hiyo ndipo aliponisikiliza kwa mara ya kwanza. Hakutia rumba. Tulipomaliza sikuweza kuangalia watu, nikaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika.

Bi Maureen hakulia. Alisema, "Sasa ndiyo." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Trevor alikuwa amesimama nyuma. Alikuja akatushika mikono, akasema alikosea kuhusu lile bango. Akasema mwaka ujao angependa tupige usiku wa mwisho ukumbini, na nguo tuvae tutakazo—

"Hapana, asante," Aimé akamkatiza. "Sisi hatutaki. Jerusha hataki kabisa."

Trevor akainamisha kichwa, akaenda. Nilimgeukia Aimé. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeniletea zawadi.

"Umeona?" akasema. "Nimekataa."

Shangazi, niliendesha gari kuanzia mjini hadi Ingleburn macho yangu yakiwa barabarani tu. Bi Maureen alilala. Aimé alinieleza njia nzima jinsi kukataa kulivyo kugumu na jinsi kifua chake kilivyokuwa kinadunda. Ningewezaje kumwambia? Mtu kasema hapana ya kwanza tangu kambini, kaisemea mahali pasipohitajika hata kidogo.

Jumatatu nilimpigia Trevor, nikamwambia kulikuwa na kutoelewana kwa lugha. Ametupa usiku wa mwisho, piano kubwa, na majina yetu yote mawili kwenye bango. Aimé nilimwambia kwamba Trevor ndiye aliyerudi kutubembeleza. Sasa anazunguka kanisani akiwafundisha watu kwamba mzungu ukimkataa kwanza, anakuja mwenyewe. Namwacha. Nimemtafutia benchi pana zaidi.

Nisalimie Mjomba Mwandawiro, Dada Wakesho na watoto, na Mchungaji kama bado anakumbuka nilivyokuwa nikiharakisha zaburi. Mwakio na Eliza wanakusalimu, Eliza kwa Kiingereza. Mungu alilinde goti lako na mikono yako iliyonifundisha kinanda, akujalie usingizi mzuri na majirani wasio na kelele.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye sana, niliyechoka lakini ninayefanya mazoezi,

Jerusha